Mwaka wa Fizikia ya Dirishani

Mwezi uliopita tulimzika baba mkwe wangu kule Mikumi, na jina lake sitaliandika hapa. Kwetu milimani, huko juu ukishapita Berega, mtu hatamki jina la mkwe wake, na kama halitamkwi sioni kwa nini liandikwe. Nitamwita Mwalimu. Kabla hajawa mkwe wangu alikuwa mwalimu wangu wa fizikia, na taabu yote ninayotaka kuieleza ilitokana na vyeo hivyo viwili kukaa juu ya mtu mmoja. Basi, tulikuwa tumekaa chini ya turubai pale msibani, wazee kwa wazee, tukingoja jeneza litolewe nje, mara akaingia Saning'o. Huyu nilipanga naye chumba ujanani. Sasa ni mzee kama mimi, ila mzee wa namna yake: shuka nyekundu, fimbo, na simu mbili zinaning'inia shingoni. Hakutoa hata pole. Alisimama mbele yangu akasema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe waliovuka mto, "Wewe! Umeshajua ni kutoka wapi?" Nikamwambia, "Nyamaza, watu wanalia." Akasema, "Waache walie, ndiyo kazi iliyowaleta. Mimi nakuuliza wewe. Kutoka wapi?" Akacheka mpaka akatafuta kiti. Wanawake wakageuka kututazama. Umri wote huu, na bado swali hilo likitajwa damu inanipanda.

Nilikuwa kijana wa genge la reli pale Kilosa. Kazi yenyewe ni kubeba mataruma, yale magogo mazito yanayolazwa chini ya vyuma vya reli, na kushindilia kokoto kwa sururu juani. Asubuhi unaamka mgongo umekauka kama ubao. Sasa mkuu wetu wa genge akatutangazia kwamba karakana itachukua vijana wa kufundishwa ufundi wa injini, kazi ya kivulini, lakini kila kijana awe amefaulu fizikia ya kidato cha nne. Mimi nilikuwa na darasa la saba na ule Mtihani wa Maarifa, unaomfungulia asiyesoma sekondari mlango wa mtihani wa kidato cha nne, ambao niliufaulu sijui kwa huruma ya nani. Nikasema moyoni, hiyo fizikia lazima niipate, hata kama sijui ni mnyama gani. Chumba tulipanga mtaa wa Mabwerebwere, mimi na Saning'o, mwenzangu wa genge, ambaye wazazi wake walikuwa wafugaji huko bondeni na walimtaka arudi machungani, naye alikuwa anawakimbia. Chumba kilikuwa na dirisha dogo lisilofunga, kitanda kimoja ambacho Saning'o alikikataa akisema kulala juu ni kujitafutia kuanguka, na jiko la mkaa mlangoni. Tuligombania chakula kila siku. Mimi nikipika mlenda, yeye anaukalia mbali. "Ninyi watu wa milimani mnakula makamasi na mnamshukuru Mungu." Yeye akileta maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, mimi nafungua mlango. Mama mwenye nyumba alikuwa anatusikia ukutani, anapiga kelele, "Haya, waume na wake, kuleni mlale!" Ndiyo nyumba niliyosomea fizikia.

Darasa lilikuwa kwenye ukumbi nyuma ya kanisa, saa kumi jioni, tukishatoka kazini. Mwalimu alifundisha shule mchana, na jioni akatufundisha sisi watahiniwa wa kujitegemea: makarani wadogo, msichana mmoja wa duka la dawa, mafundi wa baiskeli, sisi wa genge. Nilikaa benchi la mbele kabisa. Sasa nikumbuke vizuri sura yake ilivyokuwa, maana hiyo itakuwa na kazi mbele. Alikuwa mtu mwembamba, mweusi sana, na kila akifikiri alijikuna nyusi kwa vidole vyenye chaki, hivyo kila siku akimaliza kipindi nyusi zake zilikuwa nyeupe pepepe kama za babu. Tulikuwa tunacheka chinichini. Siku aliyoanza nishati tuli alichukua tofali akaliweka juu ya kabati. Akatuuliza, "Hili tofali lina nguvu?" Nikamjibu mimi, maana nilikuwa na mdomo, "Hapana Mwalimu, limekaa tu." Akaweka kopo tupu la maziwa sakafuni, akalisukuma tofali kwa kidole. Kopo likawa chapati. "Nguvu ya kulipondaponda hili kopo ilitoka wapi? Kidole changu?" Akasema, ilikuwa imelala ndani ya tofali kwa sababu tofali lilikuwa juu. Tungamo, mara mvutano wa dunia, mara kimo. Nilikasirika kweli. Nikasema, Mwalimu, mimi nikikaa bila kufanya kitu naitwa mvivu na nakatwa posho, leo tofali likikaa linaitwa lina nishati? Akacheka mpaka akajikuna nyusi zote mbili. Akasema, "Wewe, ukija kukaa juu ya kabati nitakupa alama." Huo ndio wakati niliompenda mtu yule. Nilikuwa namtazama usoni kama namtazama kaka yangu mkubwa, nabishana naye, ananibishia, na nikitoka pale nilikuwa nimeelewa.

Mambo yaliharibika kwa kinywa changu mwenyewe, lakini zaidi kwa mjomba wangu. Mwalimu alikuwa na binti, Damari, ambaye alikuwa analeta chai ya baba yake pale ukumbini na kuondoka bila kutazama mtu. Sikukuu moja nilipanda nyumbani, na katika kula na kuongea nikasema tu, kama mtu anavyosema mvua imenyesha, kwamba Mwalimu ana binti mzuri. Basi. Sikusema nioe. Mjomba alisikia kwamba kuna kijana wa mashamba ya miwa ya Ruhembe naye anazunguka nyumba ile, akaona tutawahiwa. Akamchukua Mzee Sangali, mshenga wa ukoo wetu, mzee mfupi anayetembea taratibu kama anahesabu mchanga, wakateremka Kilosa wakapeleka posa, ikapokewa, wakala wakashiba, wakapanda mlima. Mimi niliambiwa na Saning'o, ambaye aliambiwa na muuza mkaa. Kesho yake saa kumi nimekaa benchi langu la mbele, Mwalimu anaingia, ananiona, anageuka ghafla ukutani kama mtu aliyemwagiwa maji. Mimi nikainamisha kichwa. Hakuna aliyetufundisha siku ile. Mambo hayo tulilelewa nayo sote wawili, maana Mwalimu naye ni wa milimani. Mkwe hatazamwi usoni, huli naye, humwulizi kitu, naye hakukemei wala hakuiti jina, na mkikutana njia nyembamba mmoja anaingia kwenye mahindi. Na msidhani ni ushamba. Yule mtu alikuwa anatuambia jua halichomozi, ni dunia inayozunguka, na alikuwa anaamini hivyo. Lakini mkwe akitokea, aliingia kwenye mahindi.

Darasa lilikwama. Mwishowe Mwalimu alisema, akiongea na ukuta, "Mwenye heshima atakaa nje, penye dirisha, atasikia." Ndivyo nilivyohamishwa. Nilikaa nje juu ya jiwe, mgongo umegusa ukuta, dirisha juu ya kichwa changu, kuku wa mchungaji wananipitia miguuni. Kumwona hapana, kuuliza hapana, na ubao hapana. Sasa wewe fikiria kusoma fizikia kwa masikio! Mambo ya maneno niliyapata vizuri, hata leo ninayo. Lakini fizikia ni michoro. Nilisikia chaki inagonga ubao, ko, ko, na sauti inasema, "Kimo tunakipima kutoka hapa, mpaka hapa." Hapa wapi? Chaki inagonga tena. "Kwa hiyo jiwe likiwa hapa, nishati yake ni sifuri." Hapa wapi, baba wa watu? Watu wa ndani wanasema, "Ndiyooo." Mimi nje namtazama jogoo. Nikirudi chumbani namwomba Saning'o anichoree. Saning'o alikuwa na akili nyingi, lakini mkono wake wa kuchora ulikuwa kama wa mtu anayekimbizwa. Jiwe lake na mbuzi wake vilifanana. Mstari wa kimo ulikuwa unaelea hewani, hauanzii popote. Namwuliza, "Hapa ameanzia wapi?" Anasema, "Leo sakafuni. Lakini jana alianzia mezani." "Inawezekanaje? Jiwe lilelile?" "Mimi nakwambia nilichoona. Juzi alianzia chini ya kisima, jiwe likapata nishati kubwa kuliko yako na yangu." Nikarusha kijiko. Jiwe moja haliwezi kuwa na nishati sifuri Jumatatu na nishati tele Jumatano na halijasogezwa! Ndipo lilipozaliwa swali langu, ambalo nililibeba kama mtu anabeba taruma: kimo, kutoka wapi?

Msiseme sikujaribu. Nilimtuma Saning'o aulize darasani kama swali lake. Nikiwa juu ya jiwe langu nikamsikia anasimama na kuuliza vizuri kabisa, hata nikamsifu. Nikasikia Mwalimu anaweka chaki chini. Halafu akasema polepole, "Saning'o, swali hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ana mshenga." Darasa zima likacheka, hata yule msichana wa dawa. Jioni ile Saning'o alichemka kuliko mimi. "Ninyi watu gani? Kwetu mkwe anapewa ng'ombe, mnakunywa maziwa, yanaisha. Ninyi mnaficha hata jibu la hesabu!" Kitabu cha kiada kilikuwa kimoja tu kwa darasa zima, nilipokipata kwa zamu kilisema "juu ya usawa wa ardhi", na hapo ndipo nikachanganyikiwa kabisa, kwa sababu Kilosa ni bonde, na kwetu ni mlimani, na wazazi wa Saning'o wako chini kuliko sisi sote. Ardhi ya nani? Mimi nikisimama Kilosa, mjomba wangu anasema nimeshuka, na baba yake Saning'o anasema mwanangu amepanda mjini. Sote wawili tumesimama mlango mmoja.

Mtihani ukakaribia. Nikaona liwalo na liwe, nikamwita Mzee Sangali. Aliteremka kwa taratibu zake. Nikampa chai na maandazi, shikamoo mzee, marahaba, habari za milimani, njema, mahindi, yamebunguliwa, mjomba, anakohoa, na mambo mengine yote ambayo huwezi kuyaruka. Nikamwambia, "Mzee, nina ujumbe kwa mkwe. Muulize, katika nishati tuli, kimo tunapima kutoka wapi." Akaweka kikombe chini. "Huo ni ujumbe wa posa?" "Hapana mzee, wa fizikia." "Mimi ni mshenga wa posa." "Mzee, hakuna mshenga wa fizikia." Akafikiri sana. Akasema, "Sawa, nitaupeleka, lakini nitaupeleka kwa heshima zake. Siingii nyumba ya watu nikaropoka kimo, kimo, kama mlevi. Na ujue, jibu la kwa wakwe halitolewi siku hiyohiyo." "Mzee, mtihani ni wiki ijayo!" "Hata ungekuwa kesho. Jibu la papo kwa papo ni dharau, linaonyesha hawakulifikiria." Nikamsihi. Akamaliza maandazi. Saning'o alikuwa amejilaza chini kwenye mkeka wake amejifunika shuka usoni, nikaona shuka linatikisika kwa kicheko.

Kituo chetu cha mtihani kilikuwa Mikumi. Tulipanga chumba karibu na barabara kuu, malori yakipita sufuria zinacheza rafuni, na Saning'o akawa ananionyesha kila sufuria, "Hiyo ina nishati, hiyo, hiyo nayo." Mama mmoja alitupikia wali maharage, akatuambia tusitoke nje jioni, tembo huwa wanavuka. Mimi tembo sikuwaogopa. Niliogopa karatasi. Na karatasi ilipokuja, katikati yake, swali kubwa lenye alama nyingi, ninaliona mpaka leo: sanduku linatolewa ndani ya shimo kwa kamba, linapita usawa wa ardhi, linawekwa juu ya lori. Tafuta nishati tuli ya sanduku hapa, na hapa, na hapa. Nilitaka kulia. Kwa sehemu ya kwanza nilipima kutoka mdomo wa shimo. Kwa ya pili nikaona lori liko juu mno, nikaona vibaya kulipunja, nikapima kutoka chini ya shimo. Kwa ya tatu nikajumlisha zote mbili, nikagawanya, sijui kwa nini, nafikiri niliona ni haki. Saning'o alikuwa amekaa meza ya mbele yangu, anaandika kama mtu anachunga, taratibu, bila wasiwasi, na mgongo wake ulinikera kuliko mtihani wenyewe.

Tunatoka nje, jua kali, watahiniwa wamejaa uwanjani wanabishana majibu, namwona Mzee Sangali anashuka kwenye basi la Kilosa. Kofia yake, fimbo yake, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamkimbilia. "Mzee, amesemaje?" Akanitazama kama nimemtukana. "Tunasalimiana kwanza." Shikamoo, marahaba. Akaomba maji. Akanywa. Akatafuta pa kukaa. Akapangusa kofia. Saning'o amesimama pembeni anauma ncha ya shuka. "Nilifika kwa mkweo," mzee akaanza, "nikapokewa vizuri, nikapewa kiti. Nikasema neno lako. Akasema nirudi keshokutwa. Nikarudi. Tukala kuku." "Mzee!" "Kuku mzuri. Akasema hivi, na nimelikariri nisilipoteze: mwambie, popote. Achague mwenyewe pa kuanzia kupima, popote anapotaka. Ila akishachagua, asihame." Mzee akaonekana ameridhika na kazi yake. "Akaongeza kwamba swali ni zuri, na kwamba darasa zima lilikuwa linasema ndiyo bila kuelewa." Nikakaa chini pale pale vumbini. Lilikuwa neno dogo hivyo! Lingeingia dirishani kwa pumzi moja! Mtu analo kinywani, yuko upande wa pili wa ukuta wa udongo, na limezunguka mlima mzima likala kuku likapanda basi, likanifikia nimeshahamahama karatasi nzima.

Nilianguka fizikia. Saning'o alifaulu, akaenda karakana kwenye nafasi niliyoitaka mimi, akawa fundi wa injini mpaka alipostaafu na kurudi kwa ng'ombe aliowakimbia. Mwalimu akamtuma mshenga tena: kijana arudie mwakani, uwezo anao. Lakini mambo ni mawili. Akitaka kukaa tena mbele ya ubao kama mwanafunzi, posa irudishwe mlimani, na yule wa Ruhembe bado anasubiri. Akitaka posa ibaki, atarudia dirishani. Mzee Sangali aliyasema hayo chumbani kwetu Mabwerebwere, jiko linawaka, mlenda unatokota. Nilijua dirishani sifaulu. Nilijua mbele ya ubao nitafaulu. Nikautazama mgongo wangu, kama mtu anaweza kuutazama mgongo wake, nikafikiria mataruma yote yaliyobaki duniani. Halafu nikamfikiria Damari anavyoweka kikombe cha chai mezani bila kutoa sauti. Nikasema, "Mzee, mwambie nimeshachagua pa kupimia. Sihami." Mzee Sangali akatikisa kichwa. "Jibu halitolewi siku hiyohiyo." Nikapiga ukelele mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukuta.

Kwa hiyo nilibeba mataruma maisha yangu yote, na nyumbani nilikuwa na Damari, ambaye tulipokwisha kuoana aliniambia siku moja, anachambua mchicha, kwamba jibu lile alikuwa analijua, maana masomo yote ya baba yake alikuwa anayanakili yeye. "Si ungeniuliza mimi? Dirisha la jikoni lilikuwa wazi." Nilitoka nje nikatembea mpaka mtoni na kurudi. Mwalimu alipostaafu alihamia Mikumi, na tulikuwa tunakwenda kumsalimu, na kwa miaka yote hiyo tulikaa uwanja mmoja yeye kaangalia kusini mimi nimeangalia kaskazini. Nimekula kuku wake nyuma ya nyumba. Nimesikia sauti yake inakwaruza mwaka hadi mwaka. Wajukuu walimpanda mapajani, wakaja kwangu wananuka tumbaku yake. Ndiyo heshima, na sisemi tuliitunza vibaya.

Basi msibani, Saning'o alipokwisha kucheka, jeneza likatolewa, watu wakapanga mstari wa kuaga. Mimi nikabaki kwenye kiti. Damari akaja, macho yamevimba, akanishika kiwiko. "Inuka. Sasa inaruhusiwa." Nikasema, "Una hakika?" Akasema, "Atakukemea nani?" Nikasimama kwenye mstari, Saning'o nyuma yangu, kwa mara ya kwanza amenyamaza. Nilipofika nikainamisha kichwa kwa mazoea, ikabidi nijilazimishe kukiinua. Nilimtafuta mtu wa tofali na kopo, mwembamba, mweusi sana, anayecheka. Mle ndani kulikuwa na mzee nisiyemjua, mashavu yameingia, kidevu kimechongoka. Sikuwepo alipokuwa anazeeka. Nilikuwa uwanja uleule, na sikuwepo. Kitu kimoja tu nilikitambua. Nyusi zilikuwa nyeupe, zote mbili, na kabla sijajizuia mkono wangu ulikuwa umeshafika, nampangusa chaki. Haikutoka.